Kiasi Kwanza, Mahali Baadaye

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 34, ni mama wa watoto wawili, naishi Tabata. Tuko marafiki sita tuliosoma chuo pamoja. Tumezikana, tumeozana, tumeleana watoto. Mwaka huu tulikubaliana tusafiri wenyewe, bila waume wala watoto, siku mbili tatu tu, mwezi wa tisa. Mmoja wetu, ambaye Mungu amemjalia kazi nzuri, akaleta wazo la kwenda kwenye mashamba ya zabibu: tuone waini inavyotengenezwa, tuonje, tupumzike. Wote tukalipenda. Siku ya pili akatuma picha za Stellenbosch, Afrika Kusini, na kundi zima likajaa mioyo na makofi.

Mimi ndiye mweka hazina. Tangu siku hiyo simu yangu haipoi. Mmoja amenipigia pembeni huku analia. Kazi yake iliisha Januari na mumewe ndiye anayebeba kila kitu, ila hataki wenzetu wajue. Anasema atachukua mkopo wa simu ili asibaki nyuma. Mwingine ananiambia "nitajitahidi," nami namjua, akisema hivyo ujue hana. Wa tatu hanywi pombe kwa ajili ya dini yake. Hajakataa safari, ila ameniuliza kwa upole, "Mimi nitakuwa nafanya nini huko?" Sikuwa na jibu.

Nikisema ukweli nitakuwa nimetoa siri za watu. Nikinyamaza, mtu ataingia kwenye madeni kwa starehe ya siku mbili. Nikisema tuahirishe, najua ndiyo basi tena. Je, ipo namna ya kufanya safari hii kwa hela ndogo bila kumwaibisha mtu? Na yule mwenye wazo nimwambieje asione tumemkataa?

Mwenye Daftari, Tabata

*

Marahaba mwanangu,

Msiahirishe. Safari hii inawezekana, mwezi uleule wa tisa, na hakuna atakayelazimika kukopa. Nitakueleza wapi na kwa namna gani. Lakini nianze na siri ulizobebeshwa, maana zisipopata dawa hata safari ya Kibaha itawashinda.

Aliyetuma picha hana hatia. Tatizo ni kwamba mmechagua mahali kabla hamjajua mna kiasi gani. Mahali pakishatajwa na watu wakashangilia, bei nayo imeshapangwa, hata kama hakuna aliyeitamka. Kuanzia hapo asiye na hela amebaki na njia mbili: akope, au siku tatu kabla ya safari mtoto wake "augue". Ukimlaumu baadaye kwa uongo utakuwa umemwonea, kwa sababu hakuna aliyempa nafasi ya kusema kweli. Kwa hiyo rudini nyuma hatua moja. Kiasi kwanza, mahali baadaye.

Fanya hivi. Mwandikie kila mmoja pembeni, si kwenye kundi, swali moja: "Kuanzia sasa hadi mwisho wa Agosti, unaweza kutoa shilingi ngapi kwa safari yetu bila kukopa na bila kugusa ada wala kodi ya nyumba?" Wape siku tatu. Wewe nawe jibu swali hilo na uandike jibu lako daftarini. Kisha chukua kiasi cha chini kabisa kati ya vyote sita, na hicho kiwe mchango wa kila mtu. Tangaza namba hiyo peke yake. Usiseme ya juu ilikuwa ngapi, usitaje wastani. Mtu akiuliza "nani kaweka hiyo?", mjibu kwamba majibu yanabaki kwa mweka hazina. Siri zote zitakuwa zimehifadhiwa na hutakuwa umemdanganya mtu.

Mwenye uwezo zaidi anaweza kusema yuko tayari kuwaongezea wenzake. Ni wema, na usiudharau, lakini uelekeze vizuri. Anayelipiwa safari na rafiki yake hana sauti ya kusema amechoka, au kwamba hapendi mahali pale na anataka kurudi kulala. Atakaa siku zote akitabasamu kwa sababu anaona ana deni. Akitaka kuongeza, aongeze kwenye mfuko wa wote, kwa kitu kitakachotumiwa na wote sita, kama gari au chakula cha usiku wa mwisho. Asilipe kwa jina la mtu.

Na yule aliyekulilia, mrudie leo hii. Mwambie kwa kinywa chako kwamba safari hii haipokei hela ya mkopo. Mikopo hii ya haraka haikuitwa "kausha damu" bure. Riba inapanda kila wiki, na baada ya muda wanaopigiwa simu na wadai ni ndugu na majirani. Aibu anayoikimbia kwa marafiki watano itamkuta mbele ya mtaa mzima. Akijua kiasi kitapangwa kwa kipimo cha uwezo wa wote, hatahitaji kuigiza.

Sasa tuje kwenye mahali. Rafiki yenu hakuota vibaya. Stellenbosch ni mji ulioanzishwa mwaka 1679, na njia yake ya mvinyo, ambayo mgeni huipita shamba kwa shamba akionja, ilianza mwaka 1971. Mtanzania haombi hata viza kwa safari fupi ya Afrika Kusini. Kinachowaondoa ninyi ni tiketi za ndege, pamoja na ukweli kwamba kwenye safari ya siku tatu, sehemu kubwa mtaimalizia viwanja vya ndege. Iwekeni kwenye mipango ya miaka ijayo, na anayetaka aanze kibubu chake mapema.

Mwaka huu nendeni Dodoma. Nakuomba usiipeleke kwa wenzako kwa sauti ya mtu anayeomba radhi. Dodoma ni nchi ya mvinyo kwa haki yake. Wamisionari wa Kikatoliki walipanda mizabibu Bihawana, nje kidogo ya mji, na kutoka pale zao hilo likaenea hadi likawa mali ya wakulima wa Kigogo wenyewe. Leo utalikuta Hombolo, Mpunguzi, Veyula, Makutupora na vijiji vingine vingi vinavyouzunguka mji. Makutupora, upande wa kaskazini kwenye barabara ya Arusha, kuna kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo, TARI, kinachoshughulika na zabibu, na zabibu nyekundu inayolimwa zaidi mkoani imechukua jina la mahali hapo.

Kuna jambo moja la Dodoma ambalo rafiki yenu hatalipata Stellenbosch. Kule mzabibu hulala wakati wa baridi na huvunwa mara moja kwa mwaka. Dodoma haina baridi ya kuulaza, kwa hiyo anayeuamsha ni mkulima na mkasi wake. Akishapogoa matawi na mti ukapata maji, machipukizi hutoka, maua hufuata, na baada ya miezi minne au mitano hivi vichala vimeiva. Ndiyo maana huvuna mara mbili: msimu mkubwa ni Agosti na Septemba, na mwingine huja mwezi wa tatu. Mavuno ya kiangazi ndiyo mazuri zaidi kwa mvinyo, kwa sababu hakuna mvua ya kuitia zabibu maji na kuleta ukungu, na sukari hukolea. Mwezi wa tisa mliouchagua umeangukia penyewe. Ila kila shamba lina tarehe yake kulingana na siku lilipopogolewa, kwa hiyo piga simu kwanza uulize nani anavuna wiki yenu.

Kuhusu usafiri, treni ya SGR imerahisisha mambo. Tangu ilipofika Dodoma mwaka 2024, safari ya kilomita 450 hivi ambayo kwa basi hula siku nzima imekuwa ya saa tatu na nusu hadi nne. Nauli ya daraja la kawaida ilianza kwa shilingi 31,000 kwa mtu mzima, nanyi mtathibitisha ya sasa mtakapokata tiketi. Kateni mapema, kila mtu kwa kitambulisho chake, na fikeni stesheni kabla ya muda, maana treni hii haimsubiri anayepaka hina. Faida nyingine ni kwamba hakuna mmoja wenu atakayeshika usukani barabara ya Morogoro usiku baada ya siku ya kuonja mvinyo. Hilo peke yake lingetosha kunifanya niwashauri treni.

Ondokeni Alhamisi jioni, rudini Jumamosi jioni. Najua wengi hupenda Ijumaa hadi Jumapili, lakini viwanda na ofisi hufanya kazi siku za kazi. Mkifika Jumamosi mnaweza kukuta mlinzi na geti. Mkienda hivyo mtaomba ruhusa ya siku moja tu kazini, mtalala usiku mbili, na Jumapili mtakuwa nyumbani na familia.

Malazi ya Dodoma yana adui mmoja, naye ni ratiba ya Bunge. Bunge likikaa, vyumba vinajaa na bei zinapanda. Kipindi kirefu zaidi ni cha bajeti, Aprili hadi mwisho wa Juni, lakini kuna vikao vingine vifupi katika mwaka. Kabla hamjafunga tarehe, tafuta ratiba ya Bunge, kisha chagua wiki ambayo wabunge hawapo. Msikimbilie hoteli kubwa. Tafuteni gesti safi au nyumba ya wageni ya kanisa, mkalale wawili wawili. Piga simu wewe mwenyewe, taja kwamba mnahitaji vyumba vitatu kwa usiku mbili, kisha uliza bei ya jumla. Uliza pia kama maji yanatoka wakati wote na kama chai ya asubuhi imo kwenye bei.

Ijumaa ndiyo siku yenu ya zabibu. Kodini Noah pamoja na dereva wake kuanzia alfajiri hadi saa kumi jioni. Chagueni upande mmoja tu wa mji. Hombolo, kaskazini-mashariki, ni umbali wa kilomita 40 hivi, na huko kuna mashamba, bwawa, na kiwanda cha mvinyo cha CETAWICO. Mkichanganya Hombolo na Mpunguzi iliyo kusini, mtashinda garini. Na kama kuna atakayesema mpite pia Kondoa kuona michoro ya miambani ya Kolo, mwambie ni urithi wa dunia tangu 2006 na unastahili safari yake peke yake. Ni mbali mno kwa siku zenu.

Jueni pia kwamba Dodoma haijajengeka kama Stellenbosch, ambako mashamba mengi yana ukumbi wa kuonjea na mhudumu anayesubiri wageni. Hapa unaomba. Wiki mbili kabla, piga simu au andika barua pepe kwa kiwanda kimoja, ueleze mko sita, mnataka kuona na kuonja, na uulize gharama. Wakati wa mavuno wanaweza kukataa kwa sababu ya kazi, kwa hiyo uwe na kiwanda cha pili mkononi. Kwa upande wa shamba, njia nyepesi ni afisa ugani wa kata, au dereva mwenyeji anayewajua wakulima. Mkulima atakayewapokea anapoteza muda wake wa kuvuna. Mlipeni kwa muda huo, na mkubaliane kabla.

Fikeni shambani saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Jua la mwezi wa tisa Dodoma si la kuchezewa, na upepo wake hubeba vumbi jekundu hadi masikioni. Vaeni viatu vya kufunika miguu na kofia. Mizabibu imesimamishwa kwa nguzo na waya, mistari kwa mistari, na vichala vinaning'inia chini ya majani. Mwombeni mkulima awaoneshe anavyojua zabibu imeiva. Rangi haimtoshi, kwa sababu zabibu nyekundu huwa nyeusi tii siku nyingi kabla ya kuiva. Ataiminya punje moja, atoe mbegu na kuiangalia: ikiwa bado ya kijani, anasubiri, ikiwa ya kahawia na inavunjika kwa jino, anavuna. Kisha atashika kichala kwa chini, akate kikonyo kwa mkasi, akilaze kwenye kreti bila kukitupa. Zabibu iliyopasuka huanza kuchacha palepale juani, na kiwanda huikataa.

Mkifika hapo, muulizeni habari za soko, na mumsikilize. Mkulima wa zabibu Dodoma anategemea wanunuzi wachache, na zabibu iliyoiva haimngoji mtu. Gari la kiwanda likichelewa, mali inanyauka mtini. Wengi sasa huikamua wenyewe na kuuza mchuzi wa zabibu, ambao hukaa kuliko tunda, na viwanda hununua mchuzi huo vikautengenezea mvinyo. Ukishasikia habari hii kutoka kwa mtu aliyesimama kwenye mstari wake, utaelewa kwa nini nasema msimpunguzie bei ya kilo mbili tatu mtakazonunua. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Apone kweli.

Kiwandani mtaona jambo ambalo wengi hawalijui: juisi ya zabibu nyekundu nyingi ni nyeupe. Wekundu hutoka kwenye ganda. Ndiyo maana mvinyo mwekundu huchachushwa pamoja na maganda yake, na mweupe hukamuliwa kwanza. Kwenye kuonja, anzeni na mweupe usio na sukari, mfuate mwekundu, na mvinyo mtamu kama Dompo uwe wa mwisho. Mkianza na utamu, ulimi hautasikia kitu kingine. Kunyweni kidogo, maji katikati, na muwe mmekula. Mtu akitema baada ya kuonja msimcheke, ndivyo waonjaji wenyewe wafanyavyo.

Chupa za kuondoka nazo, kila mtu anunue kwa hela yake. Angalieni alama ya TBS na stempu ya ushuru ya TRA. Mchuzi uliowekwa kwenye dumu kando ya barabara msiunywe, hata ukisifiwa vipi, maana hamjui umekaa siku ngapi wala umechanganywa na nini. Mvinyo wa zabibu za ndani hutozwa ushuru mdogo kuliko wa kutoka nje, kwa hiyo mara nyingi chupa nzuri ya Dodoma haitaumiza mfuko.

Sasa nimjibu rafiki yako asiyekunywa, na nataka umpelekee jibu hili mwenyewe. Yeye si msindikizaji. Nusu ya siku ya Ijumaa ni shamba, na shambani hakuna pombe: kuna zabibu mbichi za kula, kuna kazi ya kuona, kuna watu wa kuongea nao. Kiwandani aamue mwenyewe. Akipenda kuona mitambo bila kuonja, sawa. Akiona hata kukaa meza moja na chupa kunamkwaza, gari limrudishe mjini mapema, au limfikishe Msikiti wa Gaddafi kwa swala ya Ijumaa, ambao ni miongoni mwa misikiti mikubwa nchini na uko wazi kwa waumini tangu 2010. Muulize anataka lipi, usimchagulie. Hela ya kuonja isikatwe kwenye mchango wake. Na ninakuomba sana, msimgeuze dereva, mpiga picha na mlinzi wa mikoba kwa sababu tu hanywi. Safari ni yake kama ilivyo yenu.

Tufanye hesabu, tuseme kiasi cha chini kimekuja 250,000. Treni kwenda na kurudi, 62,000. Malazi, wekeni 60,000 kwa kila mtu, yaani chumba cha wawili kisizidi 60,000 kwa usiku. Noah na dereva kwa siku moja msivuke 150,000, ambayo kwa watu sita ni 25,000 kila mmoja. Chakula 45,000. Shamba na kuonja 20,000. Bajaji za mjini 13,000. Hapo mmebaki na 25,000 kwa kila mtu, ambayo ni akiba ya dharura na haiguswi. Isipotumika, irudishwe kwa kila mmoja. Kwa miezi mitano kuanzia sasa, ni 50,000 kwa mwezi. Hizi ni kuta nilizokuwekea, si bei za soko. Ukipiga simu ukakuta kitu kimezidi, punguza kingine kabla ya safari, usingoje kuomba nyongeza stesheni.

Chakula hakitawashinda. Mchana kuleni kwa mama ntilie. Tafuteni ugali wa uwele au mtama na mlenda, chakula cha Wagogo chenyewe, ambacho mtu wa Dar hukisikia tu. Ijumaa usiku ndipo mkae vizuri kwa mbuzi choma na chupa moja mliyoipenda kiwandani, mkiwa mmeuliza kwanza kama mnaruhusiwa kuingia nayo.

Na kama kiasi cha chini kimekuja 120,000? Mtaenda na kulala usiku mmoja, gari la nusu siku, shamba moja bila kiwanda, na mtarudi mmefurahi. Kama kimekuja 60,000, nunueni chupa mbili za mvinyo wa Dodoma zinazouzwa hapo hapo Dar, mpike nyumbani kwa mmoja wenu, na safari ipangwe kwa mavuno ya mwezi wa tatu. Mwenye kidogo atakuwa amepata miezi zaidi ya kudunduliza, na hakuna atakayejua ni nani.

Hela isikae kwenye simu yako binafsi. Fungueni akaunti ya kikundi, kama M-Koba, ambayo kila mmoja anaona nani kaweka na nini kimetoka. Daftari lako litapata shahidi, nawe utalala. Andikeni pia kanuni mbili tatu: mwisho wa kujitoa na kurudishiwa hela ni lini, na aliyejitoa baada ya hapo anapoteza nini.

Limebaki la mwenye wazo. Usimwache alisome kwenye kundi pamoja na wengine. Mtafute kwanza, mkutane uso kwa uso ikiwezekana, umwambie: "Shoga, wazo lako la zabibu tumelipenda na ndilo tunalolifanya. Stellenbosch kwa mwaka huu imetuzidi, na mimi ni miongoni mwa waliozidiwa." Jitaje wewe. Nina hakika ukipiga hesabu ya tiketi, ada na kodi, hutakuwa umesema uongo. Kisha mpe kazi ya heshima: awe ndiye wa kuwasiliana na kiwanda na kupanga uonjaji, kwa kuwa yeye ndiye mwenye hamu ya jambo hili kuliko wote. Mtu aliyekabidhiwa sehemu ya safari haoni kwamba amekataliwa.

Ukishaongea naye, andika kwenye kundi maneno kama haya:

"Mashosti, safari ya zabibu ipo palepale. Ili kila mtu aende kwa raha, tunaanza na kiasi halafu mahali. Nitawatumia swali pembeni, nijibuni kwa ukweli, majibu yanabaki kwangu. Kiasi cha chini ndicho kitakuwa mchango wa wote na hakuna atakayekopa. Pendekezo la mahali ni Dodoma, wakati wa mavuno. Mwenye neno aseme."

Utume leo jioni, kabla hujaanza kutafuta maneno mazuri zaidi. Mmezikana na mmeleana watoto. Watu waliofika huko wanaweza kuulizana bila haya mtu ana shilingi ngapi mfukoni, na mkishaulizana mara moja, kila safari itakayofuata itakuwa nyepesi. Nawatakia mavuno mema.

Wako,
Shangazi